WAWILI KAZINI MPAKA UZEENI
Somo la familia: Utumishi wa mume na mke waliokwisha kuwa wazee

Masomo ya kusoma: Matendo ya Mitume 18:1-3 na 18-26, Warumi 16:3-5, Mwanzo 12:1-5, Tito 2:1-5, Luka 2:36-38.

Shabaha ya somo: Kuona kwamba mume na mke wenye umri mkubwa, hata wakiwa ugenini na bila mali, ni wamisionari wa Mungu mahali walipo, na kujifunza jinsi ya kuipanga siku yao ili utumishi huo ufanyike kwa matendo, si kwa maneno tu.

 

UTANGULIZI

Katika familia zetu za wakimbizi kuna maneno tunayoyasikia mara kwa mara kutoka kwa wazee. Mzee anasema, "Sisi wakati wetu umekwisha, tunangoja tu." Mama anasema, "Kule nyumbani nilikuwa kiongozi wa wamama, hapa mimi ni nani?" Wengine wanasema, "Tukihamishiwa nchi ya tatu, huko ndiko tutakapoanza kumtumikia Mungu vizuri." Basi wanakaa. Mwaka unapita, na mwingine unapita.

Hatuwalaumu. Tunajua jinsi kungoja kunavyochosha. Mtu amefanya mahojiano, amepimwa afya, ameuza hata sufuria zake, halafu safari inaahirishwa. Tena mnamo Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na familia nyingi zilizokuwa zimejiandaa kuondoka zilibaki zimekaa juu ya mizigo yao. Mwaka huohuo msaada wa chakula makambini hapa Uganda ulipunguzwa sana, na walio wengi waliondolewa kabisa kwenye orodha. Katika hali kama hiyo mzee anajiona kuwa mdomo wa ziada nyumbani. Mume na mke wanaanza kunyamaziana. Mmoja anashinda kwenye kiti mlangoni, mwingine anashinda sokoni, na usiku kila mtu anageukia ukuta wake.

Ndiyo sababu tumeona vema tufundishe juu ya jambo hili. Swali la somo ni moja: Je, utumishi wa mume na mke wazee unaweza kungoja mpaka mambo yatengemae? Tutaangalia Neno la Mungu, halafu tutaangalia watu wawili walioishi hapa hapa Kampala, ambao kazi yao tunaiona kwa macho kila tupitapo Namirembe. Mwisho tutatoka na mambo ya kufanya.

1. WAMISIONARI WALIOFUKUZWA KWAO

Tukisikia neno "mmisionari" wengi tunafikiri juu ya Mzungu aliyeshuka kwenye ndege akiwa na barua na fedha. Lakini mume na mke wanaojulikana zaidi kwa utumishi katika Agano Jipya ni Akila na Prisila, na hao walikuwa watu waliofukuzwa. Matendo 18:2 inaeleza kwamba walikuja Korintho kutoka Italia kwa sababu Kaisari Klaudio aliwaamuru Wayahudi waondoke Rumi. Wataalamu wa historia huweka jambo hilo karibu na mwaka 49 baada ya Kristo. Akila mwenyewe alizaliwa Ponto, kwa hiyo Rumi pia haikuwa kwao kwa asili. Alikuwa mtu aliyehama zaidi ya mara moja. Ndugu zetu waliotoka Masisi wakaenda Goma, wakatoka Goma wakaja Bunagana, na kutoka Bunagana wakafika Kampala, wanamwelewa Akila bila mwalimu.

Tazameni mambo manne juu yao.

(a) Walifanya kazi ya mikono. Walikuwa mafundi wa kushona mahema, na Paulo aliyekuwa na ufundi uleule alikaa kwao akafanya kazi pamoja nao. Hawakungoja mshahara wa misheni. Meza ya kazi ndiyo iliyokuwa mlango wa Injili.

(b) Nyumba yao ilikuwa wazi. Huko Efeso kanisa lilikutana nyumbani kwao (1 Wakorintho 16:19). Waliporudi Rumi, kanisa lilikutana tena nyumbani kwao (Warumi 16:5). Miji ilibadilika, lakini desturi ya nyumba haikubadilika.

(c) Walifundisha wawili kwa pamoja. Apolo alikuwa msemaji hodari, lakini kulikuwa na mambo asiyoyajua. Hawakumwaibisha mbele ya watu. Walimchukua kwao, wakamweleza kwa utaratibu. Wote wawili walimfundisha.

(d) Wametajwa mara sita katika Agano Jipya, na mara zote sita wametajwa pamoja. Tena mara nyingi jina la mke ndilo linalotangulia. Hilo liwe fundisho kwa sisi wababa tunaodhani kwamba mama ni wa kupika chai tu wakati sisi tunazungumza Neno.

Biblia haisemi walikuwa na umri gani. Lakini tukianzia Korintho mpaka salamu za mwisho za Paulo kwa Timotheo (2 Timotheo 4:19), tunapata karibu miaka kumi na mitano, na katika miaka hiyo yote wanaonekana bado wako kazini. Na kama kuna anayesema kuwa umri ni kizuizi, akumbuke kwamba Ibrahimu alikuwa na miaka 75 alipotoka Harani, na Sara alikuwa amepungukiwa naye miaka kumi tu. Mungu aliwaita wote wawili wakiwa wazee na akawafanya wasafiri.

2. ALBERT NA KATHARINE COOK: MIAKA ARUBAINI PAMOJA KATIKA KILIMA KIMOJA

Sasa tuje hapa Kampala. Wengi wetu tumewahi kufika Hospitali ya Mengo, ama kwa kujifungua, ama kwa kutembelea mgonjwa. Hospitali hiyo ilianzishwa mwaka 1897 na daktari kijana aitwaye Albert Cook, aliyezaliwa London mwaka 1870. Alitumwa na chama cha misheni cha Kanisa la Uingereza kiitwacho CMS. Katika kundi lilelile la wamisionari alikuwamo nesi mmoja, Katharine Timpson. Reli ya kuja Uganda ilikuwa ndiyo kwanza imeanza kujengwa pwani, kwa hiyo walisafiri kutoka Mombasa hasa kwa miguu, mwendo wa zaidi ya kilomita elfu moja, wakafika mwanzoni mwa 1897. Sisi tuliotembea porini na watoto mgongoni tunajua maana ya mwendo kama huo, ingawa wao walikuwa na wapagazi na sisi hatukuwa nao.

Hospitali yao ya kwanza ilikuwa ya udongo na nyasi, yenye vitanda vichache. Mwaka 1900 Albert na Katharine walioana. Toka siku hiyo walifanya kazi wawili mpaka kifo kilipowatenganisha mwaka 1938.

Tusifikiri kwamba mambo yao yalikwenda laini. Mwaka 1901 Albert na ndugu yake Jack, ambaye naye alikuwa daktari, walitambua hapo Mengo wagonjwa wa kwanza wa malale katika Uganda. Ugonjwa huo uliua watu zaidi ya 200,000 kando ya Ziwa Victoria katika miaka michache. Mwaka 1902 radi iliipiga hospitali, ikaungua. Walianza tena, wakajenga ya matofali. Mtu akiunguliwa na kazi ya miaka mitano kwa dakika chache, anaweza kusema Mungu amemkataa. Wao waliokota mabaki wakaendelea.

Lakini kwa ajili ya somo letu la wazee, tuangalie hasa sehemu ya pili ya maisha yao. Mambo matatu.

Kwanza, kazi kubwa ya Katharine ilianza akiwa amepita umri wa miaka hamsini. Alikuwa ameona kwa miaka mingi jinsi wamama wanavyokufa katika uzazi na jinsi watoto wachanga wanavyopotea. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia alianzisha pale Mengo shule ya kuwafundisha wasichana wa Uganda kazi ya ukunga. Shule hiyo ilipewa jina la Lady Coryndon, mke wa gavana wa wakati ule. Waliohitimu walipelekwa kwenye vituo vidogo vijijini ili mama asilazimike kubebwa mwendo mrefu akiwa katika uchungu. Fikirini: mama ambaye angeweza kusema "nimechoka, nirudi kwetu nipumzike" alianza kufundisha wengine. Hakuzalisha kila mama wa Uganda kwa mikono yake, maana hakuna awezaye. Alitengeneza mikono mingine.

Pili, Albert alikuwa mtu wa kuandika. Habari za wagonjwa wa Mengo ziliandikwa kwenye daftari toka 1897, mwaka baada ya mwaka. Ni kazi ndogo ya kila jioni, tena inachosha. Lakini katika miaka ya 1960, madaktari wa Kampala walipokuwa wanachunguza saratani, ikiwemo ile inayovimbisha mataya ya watoto, walirudi kwenye daftari hizo wakakuta kwamba ugonjwa huo ulikuwapo tangu zamani. Daktari mwenyewe alikuwa amekwisha kufa mwaka 1951. Daftari ziliendelea kutumika baada yake. Leo maktaba ya udaktari ya Chuo Kikuu cha Makerere inaitwa kwa jina la Albert Cook.

Tatu, walipostaafu hawakuondoka. Mwaka 1934, Albert akiwa na miaka 64, walimaliza kazi yao ya misheni. Desturi ya wengi ilikuwa kurudi Uingereza. Wao walibaki Kampala. Katharine alifariki hapa mwaka 1938. Albert aliishi miaka kumi na mitatu baada yake, na mwaka 1945, akiwa na miaka 75, alitoa kitabu cha kumbukumbu zake za Uganda. Makaburi yao yako Namirembe, karibu na kanisa kuu.

Hapa tuseme neno la uangalifu. Watu hao walikuja wakati wa ukoloni. Walikuwa na chama nyuma yao, na serikali iliyokuwa ya watu wao, na walipotaka kubaki hakuna aliyewadai kitambulisho. Hatufanani nao katika mambo hayo, wala hatuwaweki juu ya madhabahu. Tunachokitafuta kwao ni kimoja: uaminifu wa mume na mke katika mahali pamoja, kwa kazi zilezile, siku baada ya siku, mpaka nywele zikawa nyeupe. Uaminifu huo hauhitaji pasipoti.

3. FESTO NA MERA KIVENGERE: WAMISIONARI WA KWETU, NA WAKIMBIZI PIA

Ili mtu asiseme kwamba habari hizi ni za Wazungu tu, tumkumbuke Askofu Festo Kivengere wa Kigezi na mkewe Mera. Katika miaka ya 1940 mume na mke hao wa Uganda walikwenda Dodoma, Tanganyika, wakakaa huko miaka mingi wakifundisha na kumshuhudia Kristo. Hiyo ni misheni: Mwafrika kwa Mwafrika, nchi jirani kwa nchi jirani.

Halafu ikaja zamu yao ya kukimbia. Tarehe 16 Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa katika utawala wa Idi Amin. Siku chache baadaye Festo na Mera waliondoka usiku, wakapanda milima kwa miguu, wakavuka kuingia Rwanda. Hawakuwa vijana tena. Festo alikuwa askofu tayari. Katika uhamisho aliendelea kuhubiri, na mwaka huohuo wa 1977 alitoa kitabu ambacho ndani yake alisema anampenda Idi Amin, maana Kristo aliwasamehe waliomsulubisha. Mwaka 1979, baada ya Amin kuondolewa, alirudi Kigezi akaendelea na kazi mpaka alipofariki mwaka 1988.

Wapendwa, ukimbizi ulibadilisha mahali pa utumishi wao, lakini haukuufuta wito wao. Na jambo walilolihubiri kwa nguvu zaidi, yaani msamaha, walilijifunza katika njia ileile ya kukimbia. Wazee wetu mnayo hayo ya kufundisha. Kijana aliyezaliwa hapa Kampala anasikia habari za vita kwenye simu, na moyo wake unajaa hasira juu ya kabila fulani. Nani atamfundisha tofauti, isipokuwa mzee aliyeiona damu kwa macho yake na bado akachagua kusamehe?

4. SIKU YA MUME NA MKE WATUMISHI

Sasa tuje kwenye maisha ya kila siku. Utumishi wa wazee hauanzi kwenye mimbari. Unaanza asubuhi ndani ya nyumba ya chumba kimoja huko Katwe, Nsambya au Kabuusu, au ndani ya nyumba ya udongo kambini. Tunapendekeza utaratibu huu, na kila familia iupime kulingana na afya yake.

Alfajiri: Ombeni wawili. Isiwe kila mtu na kona yake. Ombi fupi la dakika kumi, mmoja akisoma na mwingine akiomba, kesho mkibadilishana. Kama mmoja hajui kusoma, basi aliye na macho na elimu amsomee mwenzake, na aliye na kumbukumbu nzuri aeleze walichosoma. Watajeni watu kwa majina: mtoto aliyebaki Kongo, jirani mgonjwa, kijana aliyeacha ibada.

Asubuhi: Fanyeni kazi ya mikono mnayoiweza. Mama anaweza kuwa anashona au anapanga vitenge ambavyo binti yake atazungusha mjini. Baba anaweza kupalilia mboga kwenye magunia nyuma ya nyumba, au kumenya maharage. Ndiyo, baba, kumenya maharage. Akila alishika sindano pamoja na mkewe. Kazi ya pamoja inarudisha mazungumzo yaliyokwisha kufa.

Mchana: Watoto wakitoka shuleni, mlango uwe wazi. Wamama wengi vijana wako sokoni mpaka jioni, na watoto wanabaki peke yao. Wazee wawili wakikaa na watoto watano wa majirani kwa saa mbili, wakawasimulia habari za Biblia, wakawafundisha kusoma Kiswahili na lugha ya nyumbani, hiyo ni shule. Haina ubao wala ada, lakini ni shule. Tena inawalinda watoto na mabaya tunayoyasikia mitaani.

Alasiri: Siku moja kwa juma nendeni mkatembelee. Mgonjwa hospitalini, mama aliyejifungua, mgeni aliyefika juzi kutoka mpakani na hajui mji. Wengine wanafika Old Kampala kujiandikisha wakiwa hawana hata neno moja la Kiluganda. Kuonyeshwa tu taksi ya kupanda, na ofisi ya kuingia, ni msaada mkubwa. Kama hamna nauli, tembeleeni walio karibu. Kama miguu haiwezi, watu waje kwenu. Na mkienda kwa mgonjwa msikae sana. Salimuni, ombeni, ulizeni anahitaji nini, mwende.

Jioni: Andikeni. Hapa tunajifunza kwa Daktari Cook. Wengi wetu tulikimbia bila karatasi. Vyeti vya ndoa vimeungua, vya ubatizo vimepotea, na vijana hawajui jina la kijiji cha babu yao. Chukueni daftari la shilingi chache. Mzee aseme, mjukuu aandike: majina ya ukoo, tarehe za kuzaliwa zinazokumbukwa, waliobatizwa, waliooana, waliofariki njiani na mahali walipozikwa. Usahihi uwe mkubwa. Lisilojulikana liachwe wazi, lisibuniwe. Siku moja daftari hilo litamsaidia mtu kumpata ndugu yake, au kumjua babu yake, na ninyi labda mtakuwa mmekwisha kulala.

Usiku: Kabla ya kulala, malizeni maneno. Uhamisho umeleta magomvi mengi katika ndoa, hasa juu ya fedha na juu ya nani sasa ni kichwa cha nyumba. Wazee wakisuluhishana wenyewe ndipo watakapopata uso wa kusuluhisha ndoa za vijana. Tito 2 inawaagiza wazee wanaume kwa wanawake wawe mfano kwanza, ndipo wafundishe.

5. MAMBO YA KUEPUKA

(a) Msiwadharau vijana kwa sababu hawajui maisha ya kwetu. Apolo alikuwa na elimu kubwa, na Akila na Prisila hawakumpiga vita. Walimwongezea alichopungukiwa.

(b) Msitumikie wengine mkaacha ndoa yenu ife. Mume asiwe mshauri mpole kwa majirani huku nyumbani ni simba.

(c) Msijibebeshe kuliko nguvu zenu. Mzee mwenye shinikizo la damu akikosa dawa kwa sababu alitoa fedha zote kwa wageni, ametenda kwa moyo mwema lakini bila hekima. Kupumzika si dhambi.

(d) Na sisi kanisa tusiwatumie wazee halafu tukawasahau. Hili ni letu sote. Kama mzee na mkewe wanawalea watoto wetu mchana, unga wa posho usikose kwao. Kama wanatembelea wagonjwa kwa niaba ya kanisa, nauli itoke kwenye kapu la kanisa. Mfanyakazi anastahili chakula chake, na mzee ni mfanyakazi.

6. NA ALIYEBAKI PEKE YAKE?

Tunajua kwamba wengine mnaposoma juu ya "wawili" machozi yanatoka. Mwenzako alikufa vitani, au alipotea msituni na hujui hata leo kama yuko hai. Wengine mwenza alihamishwa kwanza, na faili lako likabaki. Somo hili si kwa ajili ya kuongeza kidonda.

Mkumbukeni Ana, binti Fanueli. Aliishi na mumewe miaka saba tu, kisha akawa mjane mpaka umri wa miaka 84. Hakuacha hekalu, na macho yake yalipata neema ya kumwona mtoto Yesu na kumtangaza kwa wengine. Mkumbukeni pia Albert Cook, aliyeishi miaka kumi na mitatu bila Katharine, katika mji uleule walioutumikia wawili. Mjane na mgane wanaweza kuunganishwa na familia nyingine katika utumishi: mjane mmoja aende na mama na baba wa nyumba ya jirani wanapotembelea wagonjwa, ale mezani pao, aombe nao. Ninyi mlio wawili, msiwaache walio mmoja.

HITIMISHO

Basi tunarudi kwenye swali letu: Utumishi wa wazee unaweza kungoja mpaka mambo yatengemae? Akila na Prisila hawakungoja amri ya Klaudio ifutwe. Akina Cook hawakungoja hospitali isiyoungua. Festo na Mera hawakungoja mpaka warudi Kigezi ndipo wahubiri msamaha. Kila mmoja alianza mahali alipokuwa, na mtu aliyekuwa naye, kwa kitu kilichokuwa mkononi.

Labda safari yenu itafunguka mwaka huu. Tunaomba hivyo. Ikifunguka, mtakwenda mkiwa watumishi tayari, si watu wa kuanza kujifunza utumishi uwanja wa ndege. Isipofunguka, bado Kampala ni shamba la Bwana, na kambi ni shamba la Bwana, na ninyi ni watenda kazi ndani yake. Kwa vyovyote hamjapoteza kitu.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI NA KATIKA VIKUNDI

1. Akila na Prisila walikuwa na kazi gani ya mikono, na kazi hiyo ilisaidiaje Injili? Sisi tuna ufundi gani ambao tumeuacha ulale?
2. Ni lini mara ya mwisho mimi na mwenzangu tuliomba pamoja kwa sauti?
3. Katharine Cook alifundisha wengine kazi aliyoijua. Ni jambo gani moja ambalo mzee wa nyumba hii anaweza kulifundisha kwa kijana kabla ya mwaka kwisha?
4. Nani katika jirani zetu ni mjane, mgane au mgeni, ambaye hajakaribishwa mezani kwetu?
5. Kwa vijana: Ni mambo gani ya ukoo wetu hatuyajui? Nani ataandika, na siku gani tutaanza?

KAZI YA JUMA HILI: Kila mume na mke walio na umri wa miaka hamsini na kuendelea wachague kazi moja tu kati ya hizo za kila siku tulizozitaja, waifanye kwa majuma manne bila kuacha. Wazee wa kanisa wawatembelee mwishoni mwa mwezi, waulize imekwendaje, na waone wana mahitaji gani.

MAOMBI

Ee Mungu wetu, uliyemwita Ibrahimu na Sara wakiwa wazee, na ukawatumia Akila na Prisila wakiwa wamefukuzwa, tunaweka mikononi mwako wazee wetu. Rudisha mazungumzo katika nyumba zilizonyamaza. Wape nguvu ya mwili kadiri ya kazi unayowapa. Wafariji wajane na wagane. Utusaidie sisi kanisa tusiwaache. Na wanaongoja safari, uwape subira, na kazi ya kufanya wakati wanangoja. Kwa jina la Yesu Kristo, Amina.

Bwana awabariki nyote, wa mjini na wa makambini, mpaka somo lijalo.